Nusura nimuue buibui wa mpwa wangu kwa huruma

Nikisema buibui leo usidhani nazungumzia lile vazi jeusi la akina mama wa Pwani. Nazungumzia mdudu mwenyewe, tena si yule mdogo anayetanda nyuma ya kabati la vyombo, bali yule mkubwa wa kujaa kiganja, mwenye manyoya miguu yote minane, ambaye Wazungu humwita tarantula. Najua wako watakaolitupa gazeti mezani kwa kuchukia. Subirini kidogo.

Nimelazimika kuandika juu yake kwa sababu ya ujumbe niliopata kutoka kwa mama mmoja wa Buruburu. Anasema mwanawe anayesoma ng'ambo amenunua buibui wa namna hiyo na anamfuga chumbani mwake. Kila wakizungumza kwa simu, badala ya habari za masomo, kijana anamweleza habari za joto na unyevu: leo kipimo kinasema 30, jana kilisema 40, karatasi aliyopewa dukani inataka 70, afanye nini? Mama anauliza kama huo ni ugonjwa (wa kijana, si wa buibui), na kama sivyo, amjibu vipi. Mama, si ugonjwa. Na jibu ninalo, kwani yaliyomfika mwanao yalinifika mimi mwenyewe, na karibu yaniharibie undugu.

Mwezi wa Januari mwaka 2019 nilikuwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, nikimtembelea dada yangu ambaye ameolewa na kuajiriwa huko. Huenda baadhi yenu mnakumbuka baridi iliyolikumba eneo lile mwaka huo. Tarehe 30 kipimajoto cha mji kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sufuri. Mimi niliyezaliwa Mombasa, na ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikivaa sweta mbili Nairobi ifikapo Julai na kujiona shujaa, nilikaa ndani na soksi jozi tatu miguuni, nikisikiliza mtambo wa kupasha nyumba joto ukinguruma usiku kucha kama lori linalopanda kutoka Mai Mahiu.

Siku hizo hizo shemeji yangu alifiwa na jamaa yake huko Texas. Wakaenda mazishini wote watatu, yeye, dada, na mtoto wao wa kiume aliyekuwa na umri wa miaka 12. Mimi nikaachwa nilinde nyumba kwa siku sita. Nikaachwa pia nimlinde Nyanya.

Nyanya ni buibui. Mpwa wangu alimpa jina hilo kwa kuwa hutembea polepole, hapendi kelele, na hushinda mlangoni pake akitazama wapita njia. Dada alinionya nisije nikalitaja jina hilo nikirudi nyumbani, mbele ya nyanya mwenyewe. Asili yake ni Meksiko, upande wa bahari ya Pasifiki, na magoti yake ni mekundu ya kuvutia, kana kwamba mtu ameyapaka rangi kwa brashi. Mtoto alimnunua kwa fedha zake, alizolipwa na majirani kwa kuwaondolea theluji milangoni majira mawili ya baridi. Alikaa ndani ya sanduku la kioo juu ya meza ya kusomea, udongo chini, kipande cha gome la mti cha kujifichia, na kisahani cha maji pembeni.

Kabla hawajaondoka mpwa wangu aliniachia maagizo matatu tu. Kisahani kisikauke. Nisimlishe, kwa sababu wiki tatu sasa hataki chakula. Na nisimguse. "Mengine yote, mjomba, mwache alivyo."

Maagizo ya mtoto wa miaka 12! Jioni ile ile nikavaa miwani nikamkagua. Ubavuni mwa sanduku palikuwa na kipimo cha unyevu, cha duara kama saa, na mshale wake ulikuwa kwenye 18. Kando yake mtoto alikuwa amebandika karatasi iliyokuja na sanduku kutoka dukani: joto nyuzi 27 hadi 30, unyevu asilimia 70. Nikatazama mshale, nikatazama karatasi, nikamtazama Nyanya. Nikaona mnyama wa watu anakauka mbele ya macho yangu.

Basi nikajigeuza daktari. Nikaitafuta ile chupa ya kupulizia maji ambayo dada huitumia akipiga pasi, nikapulizia asubuhi, mchana na jioni. Mshale ukapanda hadi 60, na baada ya saa moja ukaanguka tena. Nikagundua kuna matundu ya hewa ubavuni mwa sanduku. Nikayaziba kwa utepe wa gundi, na juu nikafunika karatasi ya nailoni. Kwa kuwa kipimajoto kilisema nyuzi 21 tu, nikaisogeza taa ya mezani immulike kutwa. Na kwa vile nilimwonea huruma kwa njaa, nikamtupia nyenje wawili kutoka katika mkebe wa chakula chake. Mshale ukasimama kwenye 90. Usiku huo nililala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Siku ya tatu nilimkuta amepanda ukutani, ameng'ang'ania kioo kwa miguu yote, hataki hata ncha moja iguse chini. Nikafikiri amechangamka. Sikujua kwamba huyu ni buibui wa ardhini, mzito wa tumbo, ambaye akianguka kutoka urefu wa shubiri mbili tumbo hilo laweza kupasuka na huo ukawa mwisho wake. Alipanda kwa sababu udongo wote ulikuwa tope na hakuwa na pahali pakavu pa kusimama.

Siku ya tano chumba kilianza kunuka kama kapu la nguo mbichi. Nyenje mmoja alikuwa amekufa na kuota ukungu mweupe. Na Nyanya alikuwa amelala chali, miguu juu.

Niliketi kitandani mwa mtoto yule nikajiona mwizi. Nikachukua gazeti kuukuu na kijiko cha mbao ili nimtoe, nimfunge vizuri, nimweke mpaka mwenyewe aje amzike. Kijiko kilikuwa kimekwisha kuingia sandukuni nilipoona heri nimpigie simu kwanza. Akapokea yeye. Nikamweleza kwa sauti ya matanga. Kimya. Halafu akauliza:

"Mjomba, miguu imejikunja ndani kama ngumi, au imetawanyika?"

Nikatazama. Imetawanyika.

"Amelala chali kabisa?"

Chali kabisa.

"Usimguse!" Alipiga kelele hadi nikamsikia dada akiuliza kuna nini. "Hajafa! Anabadilisha nguo!"

Wanafunzi wa biolojia wananitangulia hapa. Buibui hana mifupa. Kinachomshikilia ni gamba la nje, na gamba halikui. Basi kila anapotaka kukua, au akiwa mtu mzima kila baada ya mwaka mmoja au zaidi, hulivua gamba zima, pamoja na chonge zake na hata utando wa ndani wa tumbo la chakula. Buibui wengi wa jamii hii hulala chali wakati wa kazi hiyo. Kukataa chakula wiki kadhaa ni dalili kwamba siku imekaribia. Mtoto alijua. Ndiyo maana alisema nisimlishe.

Kisha akaniuliza swali lililonitoa jasho kwenye baridi ile. "Hukumpa chakula, sivyo?"

Nyenje wa pili alikuwa hai, tena anatembea. Alikuwa shubiri moja kutoka kwa Nyanya, anapapasa udongo kwa vipapasio vyake. Buibui anapojivua, gamba lake jipya ni laini kama utando wa yai, chonge zake ni laini pia, hawezi kuuma wala kukimbia. Nyenje mwenye njaa humtafuna akiwa hai. Yaani mlo niliompa mgeni wangu ulikuwa tayari kumla yeye. Mpwa wangu akaniambia mahali lilipo koleo refu jembamba, akaniambia nizime taa, niondoe nailoni taratibu bila kutikisa meza, kisha nimtoe nyenje. Robo saa nzima mkono wangu ulikuwa ndani ya sanduku lile ukitetemeka, sauti ya mtoto sikioni ikisema polepole mjomba, polepole. Mara mbili nyenje aliruka. Mara ya pili alitua juu ya gome, mbali kidogo na mguu wa nyuma wa Nyanya, na hapo nikambana.

Baada ya hapo sikuwa na kazi ila kutazama. Ilichukua karibu saa tatu. Ngozi ya kifua ilifunguka kama mfuniko wa kopo, kisha miguu ikaanza kuvutwa nje, yote pamoja, kwa midundo midogo, anavuta anapumzika, anavuta anapumzika. Alipomaliza palikuwa na buibui wawili mle ndani, mmoja mtupu na mmoja mbichi, magoti mekundu kuliko nilivyoyaona mwanzo, na chonge nyeupe kama punje za mchele.

Familia iliporudi mpwa wangu hakunigombeza. Alifungua mfuniko, akanusa, akaubandua ule utepe kipande kwa kipande akivikunja kiganjani, asiseme neno mpaka wakati wa chakula cha jioni. Ningependa zaidi anigombeze. Baadaye alinikalisha mezani pake akanifundisha, na mengine nimejisomea tangu siku hiyo.

Tuanze na kile kipimo kilichonipotosha. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30, kama ya Mombasa alasiri, inaweza kubeba takriban gramu 30 za maji. Ikiwa nyuzi 20, mwisho wake ni gramu 17 hivi. Ikiwa nyuzi 20 chini ya sufuri, ni gramu moja tu. Kipimo hakisemi ndani ya hewa mna maji kiasi gani. Kinasema ni asilimia ngapi ya mzigo inayouweza imekwisha kubebwa. Sasa chukua ile hewa ya nje ya Minneapolis yenye gramu moja, iingize nyumbani, ipashe hadi nyuzi 20. Maji ni yale yale, lakini uwezo wa kubeba umekuwa gramu 17. Asilimia inaporomoka hadi sita hivi, na kama si maji ya kuoga, sufuria za jikoni na pumzi za watu, ingebaki hapo. Ndiyo sababu huko midomo hupasuka wakati wa baridi, na nguo ukizianika sebuleni usiku huzikuta kavu asubuhi, jambo ambalo Mombasa msimu wa mvua huwezi hata kuliota.

Ona basi upumbavu wa taa yangu. Kila nilipoongeza joto, uwezo wa hewa kubeba maji ulipanda, mshale ukashuka, nami nikapulizia zaidi. Nilikuwa nafukuza kivuli changu mwenyewe.

Isitoshe, kipimo chenyewe kilikuwa mwongo. Hivi vya duara vya bei rahisi aghalabu hukosea sana. Kukipima ni kazi ndogo ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya nyumbani. Chukua kizibo cha chupa, kijaze chumvi ya mezani, tia matone ya maji mpaka ilowe kama uji mzito bila kuyeyuka yote. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya mtungi wa kioo wenye mfuniko wa kubana, uache usiku kucha. Hewa ndani ya mtungi itakuwa na unyevu wa asilimia 75, kwani hivyo ndivyo chumvi hiyo inavyofanya kwenye joto la kawaida. Kipimo kikisema 75, ni cha kuaminika. Cha mpwa wangu kilisema 58.

Lakini hata kipimo cha kweli hakikupi jibu unalolitaka, na hapa ndipo ninapomtaka kijana wa Buruburu asikilize. Ile asilimia 70 ya kwenye karatasi inatoka wapi? Mara nyingi ni wastani wa hali ya hewa ya nchi anakotoka buibui, na vituo vya hali ya hewa hupima kivulini, juu ya ardhi, usawa wa kifua cha mtu hivi. Buibui wa magoti mekundu haishi usawa wa kifua cha mtu. Anaishi ndani ya shimo, chini ya mawe na mizizi, ambako jua likichoma juu yeye yuko kwenye ubaridi, na mvua zikikatika kwa miezi udongo wa ndani bado una umajimaji kidogo. Huko kwao kuna kiangazi kirefu. Angekuwa anakufa kila hewa ikikauka, angekwisha zamani.

Ana namna zake za kutunza maji. Gamba lake lina utando wa nta unaozuia maji yasitoke. Hupumua kwa mapafu manne yaliyo chini ya tumbo, yamepangwa matabaka kama kurasa za kitabu, na humo ndimo unamopotea unyevu mwingi. Akihisi kiu, huenda kwenye kisahani, huinama, huingiza mdomo majini na kunywa. Sikuamini mpaka nilipomwona. Kwa hiyo maji ya kwanza kumpa ni ya kunywa, safi, kwenye kisahani cha kawaida, bila sifongo ndani yake, maana sifongo huoza na kuzaa uchafu.

Na kiu yake inaonekana kwa macho. Buibui hukunja miguu kwa misuli, lakini kuinyoosha katika viungo vyake vikubwa hana misuli ya kazi hiyo. Huisukuma kwa nguvu ya majimaji ya mwilini, kama mpira wa bustani unavyonyooka maji yakifunguliwa. Maji yakipungua, nguvu hiyo hupungua, na miguu huanza kujikunja chini ya mwili. Ndiyo ile ngumi aliyoniuliza mpwa wangu. Ukiona tumbo limenywea na miguu inajikunja, huyo ana kiu, mpe maji haraka, hata kwa kumwekea mdomo ukingoni mwa kisahani. Ukiona tumbo limejaa na anatembea vizuri, basi mshale na useme utakalo.

Udongo ndio wa pili. Wafugaji wengi hutumia vumbi la makumbi ya nazi, haya haya ambayo kwetu Pwani tunayatupa au kuwashia moto. Liwe na kina cha kutosha, shubiri nusu au zaidi, na pengo kati ya udongo na mfuniko lisiwe kubwa, ili akipanda asianguke kutoka mbali. Usipulizie hewani. Maji ya kupulizia hulowesha uso wa udongo na manyoya ya mnyama, kisha hukauka, na buibui hafaidi kitu. Mimina maji kidogo pembeni, kwenye kona moja, yazame chini. Juu pabaki pakavu, chini pawe na unyevu, na kona ya pili isiguswe kabisa. Kisha ngoja kona ikauke kabla ya kumimina tena. Ukilifinya vumbi hilo mkononi na maji yakadondoka, umezidisha. Yeye atachagua mwenyewe akae wapi, na ukimwona kila siku amekaa upande mmoja, amekwisha kukujibu.

Matundu ya hewa usiyazibe kamwe, hata nyumba ikiwa kavu namna gani. Yawe pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Unyevu usio na hewa huleta ukungu, huleta utitiri, na harufu ile niliyoinusa siku ya tano. Ukungu ukitokea, toa mabaki yote ya chakula, badilisha udongo uliooza, acha pakauke. Nimesoma na kusikia habari za buibui wengi wa nchi kavu waliokufa kwa kuloweshwa na mabwana zao, wachache kwa kukauka. Watoto wa buibui, wale wadogo kama kunguni, ndio wanaohitaji udongo wenye unyevunyevu wakati wote, kwa kuwa nta yao bado nyembamba. Vilevile kuna majitu ya misitu ya mvua ya Guyana, Suriname na Venezuela, ambao kwao ukavu ni kifo. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza mwanao, mama, ni buibui wake ni wa kabila gani.

Juu ya joto sina mengi. Ukiwa wewe unakaa chumbani na shati la kawaida bila kutetemeka, naye yuko sawa. Nyuzi 20 hadi 26 zinamtosha sana, na usiku zikishuka hadi 18 mzima hadhuriki. Hana joto lake mwenyewe. Chumba kikiwa na joto zaidi hula zaidi, hukua haraka na huzeeka haraka. Kikiwa baridi mambo yote huenda polepole, hakuna hasara. Lililo hatari ni joto la kumlazimisha. Maduka ya huko huuza mikeka ya umeme ya kuweka chini ya sanduku, na hilo kwa buibui mchimbaji ni kosa kubwa, kwa sababu kwao akisikia joto hukimbilia chini. Sasa chini ndiko kuna jiko! Huchimba kulikimbia na kuzidi kulifuata. Ikibidi mkeka utumike, ubandikwe ubavuni, upande mmoja tu, tena wenye kidhibiti joto. Taa za kumulika humkausha. Na sanduku la kioo likiachwa dirishani juani hugeuka tanuri kwa muda mfupi, hata kama nje kuna theluji. Mpwa wangu huweka lake rafu ya juu, mbali na dirisha na mbali na tundu la hewa moto, basi. Hewa yenye joto hupanda juu yenyewe bila kulipiwa umeme.

Neno moja kwa wenye watoto wadogo. Buibui hawa wa Amerika wana vinyweleo vya kuwasha tumboni, na wakiudhika huvirusha kwa miguu ya nyuma. Vikiingia jichoni huleta maumivu ya muda mrefu. Usimsogezee uso, na nawa mikono ukimaliza kusafisha.

Na kwa vijana wetu wa hapa, ambao naona tayari mnatafuta chupa. Afrika Mashariki ina buibui wake wa jamii hii, Wazungu huwaita buibui wa nyani kwa kuwa ncha za miguu yao zinafanana na vidole vya nyani, na mmoja wao, mwenye rangi ya chungwa, anafugwa sana Ulaya na Marekani. Hana vinyweleo vya kurusha, badala yake ana mbio na hasira, na akiuma maumivu na mkazo wa misuli huendelea kwa siku kadhaa. Usimchimbue. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kumkamata bila kibali, na wadudu nao wamo. Mwezi wa Mei mwaka 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au miezi 12 jela, kwa kusafirisha wadudu chungu kimagendo. Wawili wao, vijana wa Ubelgiji, walikutwa na wadudu chungu wapatao 5,000 ndani ya vichupa vilivyotiwa pamba, tayari kwa safari ndefu. Huyo wa magoti mekundu naye alivunwa sana kwao Meksiko hata biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa tangu mwaka 1985. Wa mpwa wangu alizaliwa kwa mfugaji, na karatasi zake zipo.

Mama wa Buruburu, mwambie kijana akitupe kipimo, au akikihifadhi akipime kwanza kwa chumvi. Atazame tumbo, miguu, kona kavu na kona mbichi, ajaze kisahani, kisha arudi kwenye vitabu vyake. Nawe mwulize jambo moja ambalo dada yangu alisahau kuuliza mapema: buibui wake ni dume au jike? Dume hufa baada ya miaka michache tu. Jike wa magoti mekundu huweza kupita miaka 20. Mpwa wangu sasa yuko chuo kikuu, jimbo la mbali, na bwenini kwao wanyama hawaruhusiwi. Juma lililopita dada aliniletea picha ya Nyanya akiwa sebuleni kwao, juu ya rafu, karibu na runinga. Chini yake ameandika: nimemwekea maji, sasa huyu anayelala chali ni mzima au nikuite?